Tezi ya Shingo na Moyo: Ugonjwa Unaodhaniwa Kuwa Uchawi au Uvivu



Katekista wa kijiji ndiye mtu wa kwanza kuitwa mgonjwa anapozidiwa. Huitwa mbele ya munganga, na mara nyingine huitwa mufumu akishashindwa. Neno lake lina uzito: akisema «twende lopitali», jamaa hubeba mgonjwa, akinyamaza, mgonjwa hubaki nyumbani. Ndiyo maana tumeona vema kueleza katika kurasa hizi ugonjwa mmoja unaojificha sana, ambao hata watu wenye elimu huukosea.

Tuwatazame watu wawili. Wa kwanza ni mama aliyekonda, ingawa anakula kuliko wote nyumbani. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usiku hapati usingizi, anagombana bila sababu, na moyo wake unapiga mbio hata akiwa amelala. Jamaa wanasema: amerogwa. Wa pili ni baba aliyejulikana kwa bidii ya kazi. Leo anasinzia mchana, anasikia baridi wakati wengine wanatafuta kivuli, uso umevimba, sauti imekuwa nzito, naye anajibu maswali pole pole kama mtu aliye mbali. Majirani wanasema: ni uvivu, au ni pombe. Kumbe, wote wawili wanaweza kuwa na taabu mahali pamoja, yaani katika tezi ndogo ya shingo. Na wote wawili wasipotunzwa, ugonjwa wa shingo unaweza kuwaua kwa njia ya moyo.

Hilo ndilo tunalotaka kueleza: moyo haufanyi kazi peke yake. Unapokea amri kutoka shingoni. Amri ikizidi, moyo unachoka kwa mbio; ikipungua, moyo unalegea. Na kuijua amri hiyo ni jambo rahisi siku hizi, maana inatosha kupima damu kidogo.

I. Tezi hiyo ni nini, na kazi yake ni nini?

Chini kidogo ya kikoromeo kuna tezi yenye umbo la kipepeo aliyefungua mabawa. Wanganga wanaiita tiroidi. Kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 15 hadi 25 tu. Kazi yake ni kutwaa iyodi iliyo katika chakula na kutengeneza nayo maji ya nguvu yanayoingia katika damu. Maji hayo huitwa homoni. Ziko mbili: ya kwanza inaitwa T4, kwa sababu ina chembe nne za iyodi, ya pili inaitwa T3, maana ina chembe tatu. T4 ndiyo nyingi, lakini T3 ndiyo yenye nguvu, na sehemu kubwa ya T3 inatoka katika T4 iliyopunguzwa chembe moja.

Mwili ni kama babula ya makaa. Chakula ni makaa, homoni ya tezi ni upepo. Ukipuliza kidogo mno, moto unafifia na bukari haiivi. Ukipuliza mno, makaa yanakwisha upesi na sufuria inaungua.

Je, nani anaiambia tezi kiasi cha kutoa? Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya haragwe. Hiyo ni kapita wa kazi. Inatuma neno lake kwa njia ya homoni inayoitwa TSH. Wafanyakazi wakilegea, kapita anapaza sauti. Wakizidisha kazi, kapita ananyamaza. Tukumbuke mfano huu vizuri, maana karatasi ya laboratori huwashangaza wengi: TSH ikiwa juu, ni alama kwamba tezi ya shingo imelegea; TSH ikiwa chini, mara nyingi ni alama kwamba tezi imezidi. Katika laboratori nyingi TSH ya mtu mzima mwenye afya iko kati ya 0,4 na 4.

Na moyo unaipokeaje amri hiyo? T3 inaingia ndani kabisa ya nyama ya moyo. Huko inaamuru mambo matatu: moyo ujikaze kwa nguvu, ulegee upesi ili ujae damu tena, na upige mara nyingi zaidi. Vilevile inailegeza mishipa midogo ya damu mwilini mwote, ili damu ipite bila kizuizi. Basi, hakuna kiungo kinachosikia mabadiliko ya tezi upesi kuliko moyo.

II. Amri inapozidi

Wa kwanza walioona jambo hili waliliona kwa macho tu, bila laboratori. Huko Bath, Uingereza, munganga Caleb Parry alikuta mwaka 1786 mgonjwa mwenye uvimbe wa shingo pamoja na moyo uliopanuka. Maandiko yake yalitolewa mwaka 1825, akiwa amekwisha kufa. Robert Graves wa Dublin aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1835, na Karl von Basedow wa Merseburg, Ujerumani, mwaka 1840. Basedow alitaja alama tatu: shingo iliyovimba, macho yaliyotoka nje, na moyo unaopiga mbio. Katika lopitali zetu, wanganga waliosoma kwa Kifaransa bado wanauita ugonjwa wa Basedow. Leo tunajua sababu yake: askari wa mwili, wanaopaswa kupigana na magonjwa, wanakosea na kuichochea tezi bila kukoma. Unawashika wanawake kuliko wanaume.

Tufanye hesabu. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga mara 100 800 kwa siku moja. Ukipiga mara 110, ni mara 158 400. Kila siku moyo unafanya kazi zaidi ya nusu juu ya kazi yake ya kawaida, usiku na mchana, bila dominika wala sikukuu. Mfanyakazi gani ataweza kuvumilia hivyo mwaka mzima?

Taabu ya pili ni kubwa kuliko mbio yenyewe. Kwa wagonjwa wengine, hasa wazee, vyumba vya juu vya moyo vinaacha kupiga kwa mpango na kuanza kutetemeka. Ukishika mkono wa mgonjwa unasikia mapigo ya ovyo: mawili ya haraka, moja la mbali, moja hafifu. Ndani ya vyumba vile damu inakaa na kuganda. Bonge likitoka na kwenda ubongoni, mtu anaanguka, upande mmoja unapooza, na kinywa kinapinda. Watu watasema kwamba amepigwa na uchawi wa usiku, kumbe ugonjwa ulianzia shingoni miezi mingi mbele.

Na tusidhani kwamba hatari iko kwa wale tu ambao ugonjwa wao unaonekana kwa macho. Katika mji wa Framingham, Marekani, wanganga walifuata watu 2007 wenye miaka 60 na zaidi. Habari yao ilitolewa mwaka 1994. Kati ya wale ambao TSH yao ilikuwa chini sana, 28 kwa mia walipata mapigo ya ovyo katika muda wa miaka kumi. Kati ya wale wenye TSH ya kawaida, 11 kwa mia tu.

III. Amri inapopungua

Tezi ikilegea, mambo yanageuka. Moyo unapiga pole pole na bila nguvu. Mishipa midogo inajikaza, na kwa hiyo tansio ya damu, hasa ile namba ya chini, inaweza kupanda. Ini halisafishi tena mafuta ya damu sawasawa. Kolesteroli inaongezeka, na kidogo kidogo inaziba mishipa inayolisha moyo wenyewe. Mara nyingine maji yanakusanyika katika mfuko unaouzunguka moyo.

Mwaka 1918 munganga Hermann Zondek wa Ujerumani alieleza habari ya mioyo ya namna hiyo: mikubwa, mizito, mivivu. Tena alionyesha jambo la kutia moyo: wagonjwa walipopewa dawa ya tezi, mioyo yao ilirudi kuwa midogo na kupiga vizuri. Hata mbele yake, mwaka 1891, George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mwanamke kwa maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo, na mwanamke huyo aliishi miaka 28 zaidi. Leo hatuhitaji kondoo. Kinini kidogo cha levotiroksini kila asubuhi, kabla ya kula, kinatosha.

Lakini hapa kuna onyo kubwa. Moyo uliozoea kwenda pole pole hauwezi kupigwa fimbo ghafula. Kwa mzee, au kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, munganga huanza na kiasi kidogo sana na kukiongeza baada ya majuma. Mtu anayejiongezea dawa kwa haraka ya kupona anaweza kuupasua moyo anaotaka kuuponya. Vivyo hivyo anayenunua vinini hivyo sokoni ili akonde: anautia mwili wake ugonjwa wa Basedow kwa mikono yake mwenyewe.

IV. Mambo yaliyoonekana Kivu

Inchi yetu imewafundisha wanganga wa dunia mengi juu ya tezi hii. Katika miaka ya 1960 wanganga Wabelgiji, kati yao André Ermans, François Delange na Claude Thilly, walifanya uchunguzi katika kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, wakisaidiwa na kituo cha elimu cha Lwiro karibu na Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Waliona kwamba iyodi ilikosekana kisiwa kizima. Lakini rovu, yaani uvimbe wa shingo, lilikuwa kwa watu wengi mno upande wa kaskazini, na kwa wachache tu upande wa kusini-magharibi. Kwa nini? Waliofuata uchunguzi huo walionyesha neno la mihogo. Muhogo usioloweshwa na kukaushwa vizuri una sumu ambayo mwili unaigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kutwaa iyodi. Basi, ukosefu wa iyodi ndio unaofungua mlango, na muhogo uliotayarishwa vibaya unausukuma ugonjwa ndani. Jambo hilo hilo lilionekana baadaye huko Ubangi, ambako watoto wengi walizaliwa na akili iliyolemaa na mwili usiokua, kwa sababu tezi zao hazikupata iyodi tangu tumboni mwa mama.

Dawa ya ubaya huo ni chumvi iliyotiwa iyodi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iyodi kwa siku, mama mwenye mimba 250. Kiasi hicho ni kidogo kabisa, lakini mtoto aliyekikosa tumboni hawezi kurudishiwa akili yake. Katika miaka ya 1990 chumvi hiyo ilienea upesi katika inchi yetu.

Hapo likatokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mwaka 1996 Pierre Bourdoux, Ermans na wenzao, pamoja na munganga Mukalay wa Mukalay, walitoa habari ya wagonjwa wa Kivu ambao tezi zao zilikuwa zimezidi baada ya chumvi hiyo kufika: walipata sasa ugonjwa wa moyo mbio. Mwaka uliotangulia, wanganga wa Zimbabwe walikuwa wametoa habari kama hiyo.

Namna gani chumvi njema inaweza kuleta madhara? Tezi iliyokosa iyodi miaka ishirini au thelathini imejipanua ili isipoteze hata chembe moja. Ndani yake kuna mafundo yaliyozoea kufanya kazi bila kumsikiliza kapita. Kwa kukosa iyodi, mafundo hayo hayana kitu cha kutengeneza. Iyodi ikifika ghafula na kwa wingi, yanaanza kutoa homoni bila kipimo. Huko Geneva, munganga Jean-François Coindet alikuwa ameonywa na jambo hili zamani: alianza kuponya rovu kwa iyodi mwaka 1820, na baadhi ya wagonjwa wake wakakonda na kupata moyo mbio.

Je, tuseme kwamba chumvi ya iyodi ni mbaya? Hapana kabisa! Ugonjwa huo uliwashika watu wachache, hasa watu wazima wenye rovu la siku nyingi, nao hupungua miaka inavyopita, maana vizazi vinavyokua na chumvi hiyo havipati tena mafundo. Lakini ukosefu wa iyodi huharibu watoto wa kijiji kizima. Fundisho ni lingine: kipimo. Mwaka huo huo wa 1996 Shirika la Afya la Ulimwengu, pamoja na UNICEF, lilishauri miligramu 20 hadi 40 za iyodi katika kila kilo ya chumvi, na tena lilishauri kwamba chumvi iendelee kupimwa. Na fundisho la pili ni kwamba mzee mwenye rovu la zamani anayeanza kukonda na kupiga moyo mbio asiachwe nyumbani.

V. Na sisi wa Likasi?

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya Kivu na Ubangi, sisi wa Likasi tuna nini nayo? Tunayo sababu yetu ya kuwa macho, nayo inatoka ardhini. Tangu siku ambazo mji wetu uliitwa Jadotville, jina lililoondolewa mwaka 1966, watu wanaishi hapa kwa shaba na kobalti, viwandani Shituru kama vile katika mashimo ya wachimbaji.

Kobalti kidogo sana inahitajiwa na mwili, maana imo ndani ya vitamini B12. Ikizidi, ni sumu ya tezi na ya moyo pamoja. Hapo zamani wanganga waliwapa wagonjwa wenye upungufu wa damu dawa ya kobalti. Watoto wengine wakaota rovu, kwa sababu kobalti inazuia tezi kutwaa iyodi. Na katika mji wa Québec, Kanada, mwaka 1965 na 1966, kiwanda cha bia kilitia kobalti katika bia ili povu lidumu. Wanywaji wakubwa waliingia lopitali wakiwa na mioyo iliyopanuka na kulegea. Wengi walikufa, na tezi zao zilipochunguzwa zilionekana zimeharibika pia. Wanywaji hao walikuwa wakila vibaya, na hilo liliongeza madhara. Tena mwaka 1993 ilitolewa habari ya wafanyakazi wa kiwanda cha kobalti huko Ubelgiji: kazi ya tezi zao ilikuwa imesumbuliwa kidogo.

Hapa kwetu Katanga, wanganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Louvain walipima mkojo wa watu 351, na mwaka 2009 wakatoa habari yao. Kwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda, kobalti ilikuwa nyingi kuliko iliyowahi kuandikwa kwa wakaaji wa kawaida mahali popote duniani, na watoto walikuwa nayo kuliko watu wazima. Tuelewe vizuri: kukuta kobalti katika mkojo si kukuta ugonjwa. Lakini mtu anayepumua vumbi hilo, tena anakula chumvi isiyo na iyodi na muhogo usioloweshwa, anaiwekea tezi yake mizigo mitatu kwa mara moja. Kwa hiyo mchimbaji mwenye moyo mbaya asidhaniwe tu kuwa mlevi.

VI. Tufanye nini?

Mosi, tujifunze kupima mapigo. Mgonjwa akae dakika tano kimya. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima kwa saa. Mapigo ya kawaida ni 60 hadi 100. Yakipita 100 siku kwa siku bila homa, au yakiwa ya ovyo, apelekwe. Yakiwa chini ya 60 kwa mtu aliyevimba uso, anayesinzia na kusikia baridi, apelekwe vilevile. Mwenye mapigo ya ovyo aliyeishiwa pumzi, au aliyepooza upande, aende siku ile ile.

Pili, tusijifanye wanganga. Moyo hupiga mbio kwa malaria, kwa upungufu wa damu, kwa mimba, kwa majonzi. Nao huchoka kwa tansio na kwa magonjwa mengine mengi. Kazi yetu ni kuuliza swali hili tu kwa heshima: «Munganga, je, tunaweza kupima na TSH?»

Tatu, mgonjwa asiache dawa kwa sababu amesikia nafuu, wala jamaa wasimgawie jirani vinini vyake. Tena amwambie munganga dawa zote anazokunywa. Iko dawa moja ya mapigo ya ovyo inayoitwa amiodaroni: kinini chake cha miligramu 200 kina karibu miligramu 75 za iyodi, yaani mara 500 ya haja ya siku moja, ingawa si yote inayofunguliwa mwilini. Inaokoa watu wengi, lakini inaweza kuizidisha tezi au kuilegeza. Anayeikunywa apimwe tezi mara kwa mara.

Nne, katika nyumba zetu tununue chumvi yenye iyodi, tuiweke katika chombo kilichofunikwa, mbali na jua na unyevu, na tuitie chunguni karibu na mwisho wa kupika. Mihogo iloweshwe siku zake zote na kukaushwa vizuri, na sombe itwangwe na kuchemshwa sana. Mwenye tansio apunguze chumvi kama alivyoambiwa, lakini ile kidogo anayotumia iwe na iyodi.

Tano, tuchunge ulimi. Tukimwita mvivu mtu ambaye tezi yake imelala, tunamwongezea aibu juu ya ugonjwa. Tukikubali kwamba mama yule amerogwa, tunamweka mtu mwingine, pengine bibi mzee wa jirani, katika hatari ya kushtakiwa bure. Kumwombea mgonjwa ni vema. Kumwombea na kumzuia asiende lopitali ni kumkosea.

Basi, tukiitwa penye mgonjwa ambaye moyo wake unakimbia au unasinzia, tusitazame kifua peke yake. Tutazame na shingo, tuhesabu mapigo, na tumtume apimwe damu.